Sekunde Sifuri

Saa tisa usiku, huko Tashir,
juu ya paa la zizi la Babken mtengeneza jibini,
nilipiga magoti kwenye barafu.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame;
mtaka cha angani, nimegundua, huinama zaidi,
maana jicho la darubini hii kuukuu liko chini
na mwenye shingo fupi kama mimi hupata taabu.
Ng'ombe walicheua. Joto la pumzi zao
lilipenya mbao, likanifikia kwenye soli.

Tulikuwa watano, tumepangwa kaskazini hadi kusini
kama misumari kwenye ubao:
mimi mpakani, Siranush wa cherehani kule Spitak,
Vardkes mng'oa meno pale Aparan,
na pacha wawili Yerevan, juu ya ghorofa ya tisa,
kila mmoja na saa yake,
sote na nyota moja, hafifu, yenye namba badala ya jina.

Tulingoja jiwe.
Si vimondo, wale wapenda shangwe
wanaojichoma ili watazamwe.
Hili linakaa kwake, kati ya Mirihi na Mshtarii,
kwenye ukanda wa vilivyosalia sayari zilipokwisha kufinyangwa.
Jeusi. Weusi wa kitako cha sufuria
ambayo hakuna aliyewahi kuisugua.
Jua likilipa miale mia
hurudisha minne,
nayo kwa shingo upande.
Hata darubini kubwa huona nukta tu,
hazijui kama ni yai au kiazi.

Basi bahili tungemjua kwa anachoficha.
Angepita mbele ya nyota,
na kila mmoja wetu angehesabu sekunde za giza lake,
kisha tungezipanga, mstari juu ya mstari,
mpaka umbo lijisaliti.

Dakika ikafika. Nikabana pumzi.
Nyota ikawaka.
Ikaendelea kuwaka.
Ikawaka kwa ufidhuli, mbele ya macho yangu yanayotoka machozi,
mpaka dakika ikapita, na nyingine,
na ng'ombe mmoja akakohoa.

Simu. Pacha wanapigiana kelele: kumi na nne na nusu!
Vardkes: kumi na mbili, kamili,
mkono wake hautetemeki, umezoea mizizi.
Siranush: saba.
Saba? Hesabu ilitaka tisa.
Nimesema saba. Najua kuhesabu gizani.
Hakuna aliyebisha.
Alikuwa na miaka sita
siku ile ardhi ya Spitak ilipoinuka
na kuketi tena juu ya watu.

Na wewe, Zabel?

Sifuri.

Babken alipanda na chai, blanketi kichwani.
Umeliona?
Sijaona kitu.
Aa. Basi tuko sawa, nami nilikuwa nimelala.

Jumapili tulikutana Aparan, kwenye chumba cha kung'olea meno.
Vardkes akageuza kadi ya mgonjwa, akachora:
mstari mrefu wa pacha, wake chini kidogo ya hapo kwa urefu,
na wa Siranush, mfupi kuliko ulivyopaswa,
pale ubavu wa jiwe ulipobonyea
kwa pigo ambalo hakuna aliyelisikia.
Siranush aliweka kidole kwenye lile pengo
akakiacha hapo, muda mrefu kuliko sekunde saba.

Juu kabisa Vardkes akavuta mstari wa nukta nukta.
Huu wako, akasema. Jiwe linakoma kabla yako.
Bila sifuri yako, Zabel,
lingeendelea kupanda hadi Jojia na hatungekuwa na la kulizuia.

Nilicheka, kwa kuwa ganzi ya barafu
ilikuwa bado kwenye magoti.
Kwenye daftari, chini ya safu ya giza,
niliandika duara dogo, nikalikoleza wino mara mbili,
kisha nikakumbuka
kwamba ngazi ya Babken bado iko nyuma ya gari langu.